Niliweka Office mpya stationery, wasifu wa Ma Koku ukageuka wa mzee wa Kimuli

Wakuu, salamu kutoka Isingiro, Kyerwa, huku ambako mvua ikianza kunyesha mtandao nao unajikunyata.

Ninachoandika hapa ni kweli tupu. Nimebadilisha majina kwa sababu huku tunajuana wote na hawa watu nasalimiana nao kila asubuhi. Mengine yote nimeyaacha yalivyotokea, hata yanayoniaibisha, na hayo ndiyo mengi.

Wale wa "lete picha", picha sina. Wale mnaoshuka chini kusoma mwisho kwanza, nawajua, shukeni tu.

Mimi nina stationery hapa senta. Chumba kimoja, kompyuta ya mezani moja, mashine ya lamination, na printa ambayo haianzi mpaka uipige kofi upande wa kushoto. Natoa photocopy, nawachapia walimu mitihani, naandika barua za maombi ya kazi, mihtasari ya vikao na kadi za harusi.

Lakini kazi iliyonipa jina ni wasifu wa marehemu.

Kwa wasio wa huku niwaeleze. Mtu akifariki, kabla hajazikwa wasifu wake lazima usomwe. Alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alisoma mpaka darasa la ngapi, nani alimuoa, aliugua nini, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi. Hapo umati wote unanyamaza, hata wale waliokuja kwa ajili ya chakula. Wasifu ukiwa mbovu, familia inasemwa mwaka mzima.

Sasa niwape siri ya kazi, na wenzangu wa stationery msijifanye mnaisikia leo.

Hakuna anayeandika wasifu mpya. Ndugu wanakuja asubuhi, mazishi ni saa nane mchana, huyu analia, yule anagombana nani atajwe kwanza, na umeme hauna uhakika. Unachofanya ni kufungua wasifu wa marehemu aliyepita, unafuta jina lake, unaweka la huyu, unashuka mstari kwa mstari ukibadilisha. Mwishoni unafanya Save As, unaupa jina jipya. Marehemu wa zamani anabaki salama kwenye faili lake na huyu mpya anapata lake.

Nimefanya hivyo miaka tisa.

Kasoro zipo, sikatai. Kuna mzee mmoja Mkatoliki niliyesahau kumtoa kwenye uzee wa usharika wa Kilutheri, katekista hakunisalimia mpaka Pasaka. Kuna bwana mwingine hakuwahi kuoa maisha yake yote, ikasomwa mbele ya jeneza lake kwamba ameacha wajukuu kumi na saba. Dada yake alizimia. Alipozinduka swali la kwanza aliuliza wako wapi.

Tangu siku hiyo huku naitwa Bwana Wajukuu. Hata watoto wa shule wanaokuja kununua kalamu wananiita hivyo, kwa heshima kabisa, "Shikamoo Bwana Wajukuu."

Sasa nimlete Ma Koku (Koku ni jina lake mwenyewe, Ma ni heshima ya mama mzee huku).

Mjane, miaka themanini na ushee, mwembamba, anatembea na mwavuli hata kiangazi. Zamani alisoma Biblia mwenyewe, lakini macho yalikuwa yamefunga ukungu, maandishi hayaoni tena. Alikuwepo kwenye mazishi ya yule bwana wa wajukuu kumi na saba. Wiki iliyofuata akaja dukani, akakaa kwenye benchi, akaweka mwavuli magotini.

"Kazi hii siwaachii watoto wangu," akasema, "na wewe ndiyo kabisa. Nitasema mwenyewe, wewe andika."

Ndivyo nilivyoanza kuandika wasifu wa mtu aliye hai.

Kila siku ya gulio akishamaliza mambo yake sokoni alikuwa anapita. Ananiambia nifungue, nimsomee wote kuanzia juu, halafu anarekebisha. "Toa hapo pa kuugua muda mrefu, mimi sijaugua." "Hapo kwenye tarehe ya kufariki umeweka nukta chache, ongeza, sina haraka." Miaka mitatu hivyo. Nilitaka kumchapia nakala akae nayo, akakataa, akasema hawezi kulalia kifo chake chini ya godoro.

Na wakuu, ule wasifu ulikuwa mtamu. Yule mama alikuwa na lugha. Kuna sehemu anasema (kibanja huku ni shamba la migomba la nyumbani), "Aliingia kwenye kibanja kisicho na mgomba hata mmoja, akakiacha hakina pa kupita." Mimi siwezi kutunga sentensi kama ile hata nikifungiwa ndani.

Kwa hiyo mnajua nilichofanya. Ma Koku akawa ndiye marehemu wangu wa kunakili. Kila aliyefariki nilifungua faili la Ma Koku, nikabadilisha jina. Mpaka ikafika mahali nusu ya mama zetu waliozikwa kata hii waliingia kwenye vibanja visivyo na mgomba hata mmoja. Siku moja alitoka mazishini akapita dukani akaniambia, "Naona wote tuliolewa nyumba moja."

Nilijifanya natafuta stapler.

Sasa ndipo linapoingia suala la Office.

Mimi nilikuwa na Office ya 2010. Juu yake kulikuwa na maandishi mekundu ya kulalamika kwamba haijasajiliwa, yamekaa pale miaka mingi mpaka wateja wakadhani ni mapambo. Ilifanya kazi zake. Tatizo walikuja walimu wapya na mitihani yao kwenye flash, nikifungua, majedwali yanaparaganyika, swali la tatu linakaa juu ya la kwanza. Mwalimu mmoja akanitazama kwa huruma akaniuliza, "Hii bado ipo?"

Hapo bado ningevumilia. Lakini jirani yangu ng'ambo ya barabara naye akafungua stationery, akatundika bango: OFFICE MPYA INAPATIKANA HAPA.

Mimi ni mtu mwenye wivu wakuu, nakiri. Sikulala vizuri wiki nzima kwa ajili ya lile bango.

Nikamwita fundi kutoka Kayanga, kijana mmoja anaitwa Jovin, anaongea kama mtu anayetangaza mpira. Akaja na pikipiki yake, akang'oa ya zamani, akaweka mpya ya kulipia kihalali, akanifungulia akaunti. Kazi nzima asubuhi moja.

"Sasa mzee, sahau habari za ku-save," akaniambia. "Hii inajihifadhi yenyewe. Ukigusa herufi moja, imeshahifadhi. Umeme ukikatika, wewe kunywa chai. Na mafaili yako yote nimeyapandisha kwenye wingu."

Nikamuuliza wingu lipi, maana huku mawingu hatuna shida nayo. Akacheka, akafunga begi. Sikuuliza tena kwa sababu sikutaka aone sijui. Hilo ndilo kosa lenyewe wakuu, mengine yote yalifuata hapo.

Siku za mwanzo nilitamba. Nilitundika bango kubwa kuliko la jirani.

Ni kweli kulikuwa na vijimambo. Mwandiko ulibadilika wenyewe, mwenyekiti wa kitongoji akaikataa barua yake mwenyewe, akasema hii imeghushiwa, barua zake zina herufi zenye miguu. Na ile programu iliweka mstari mwekundu chini ya jina la kila mtu wa Kyerwa, utadhani wanatafutwa na polisi. Lakini nilijiambia maendeleo ndivyo yalivyo.

Wiki ya pili akafariki Mzee Byarugaba wa Kimuli. Mkulima mkubwa wa kahawa, watoto nane, wote wana kazi zao. Familia ikatoka Kimuli mpaka kwangu kwa sababu ya bango. Mnaweza kufikiria nilivyojisikia.

Nikafungua faili la Ma Koku kama kawaida. Nikafuta, nikaandika, nikabadilisha mke kuwa mume, mgomba kuwa mbuni wa kahawa, watoto sita kuwa nane. Nikasoma mara mbili kwa sababu sikutaka wajukuu wa mtu mwingine. Nikafanya Save As, nikaandika BYARUGABA KIMULI, nikachapa, nikapiga pini. Haukuwa na kosa hata moja. Mwinjilisti aliyeendesha mazishi alinipa mkono.

Nilirudi nyumbani kifua mbele.

(Nimerudi wakuu, umeme ulikatika. Kama fundi alivyosema, nimekunywa chai.)

Siku ya gulio Ma Koku akaja. Mwavuli, benchi, kama siku zote.

"Fungua mambo yangu unisomee."

Nikafungua faili lake. Jina la faili juu ni lake kabisa, MA KOKU WASIFU. Ndani: MAREHEMU MZEE BYARUGABA.

Nikafunga. Nikafungua tena. Byarugaba. Nikafungua lile la Byarugaba lenyewe, Byarugaba. Mzee mmoja amekaa kwenye mafaili mawili, na Ma Koku hayupo popote.

Mlioelewa mmeshaelewa. Ile programu ilikuwa inajihifadhi yenyewe tangu herufi ya kwanza. Nilipokuwa namfuta Ma Koku ili nimwandike Byarugaba, nilikuwa namfuta kweli. Save As yangu ya mwisho, ile niliyoitegemea miaka tisa, ilikuja kufunga mlango ng'ombe wakiwa wameshatoka.

Nakala ya karatasi hakuna. Kwenye flash hakuna. Na yule mama amekaa mita moja kutoka kwangu, amefumba macho, anangoja kusikia maisha yake.

Nikafanya jambo la kijinga. Nikaanza kusoma kutoka kichwani.

Si nimeshausoma mara mia? "Marehemu alizaliwa... alibatizwa... aliolewa na kuingia kwenye kibanja kisicho na mgomba hata mmoja..." Nilikuwa natiririka vizuri tu. Nikafikiri Mungu yuko na mimi.

"Subiri kwanza," akasema, bado kafumba macho. "Siku zote ukisoma nasikia unazungusha kile kigurudumu cha huyo panya wako wa kompyuta. Krr, krr. Leo sikisikii. Unasoma nini?"

Wakuu, mimi ni mtu mzima, nina familia. Niliinamia kibodi kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

Nikamweleza. Kwamba nimeweka mpya, inajihifadhi yenyewe, nilimtumia yeye kumwandika mzee wa Kimuli, na sasa mzee wa Kimuli ndiye aliyebaki.

Halafu akasema, "Kwa hiyo mimi nimekufa mwanaume."

Akacheka mpaka akakohoa. Nikaanza na mimi kucheka, nikidhani yameisha. Alipoacha kucheka akachukua mwavuli wake akaondoka bila kuaga, na Ma Koku hakuwa mtu wa kuondoka bila kuaga. Niliumia sana, sitaki kudanganya.

Gulio lililofuata hakuja.

Lililofuata tena akaja mapema, hata soko halijachangamka. Akaniambia nifunge mlango nusu.

"Fungua karatasi nyeupe. Si ya mtu. Nyeupe."

Nikafungua.

"Nimewaza," akasema. "Ile iliyopotea ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na uongo. Mungu ametumia ujinga wako. Andika."

Tukaanza upya. Kuzaliwa, ubatizo, shule. Ile sentensi ya mgomba akaitoa, akasema imeshachakaa kwa watu. Tukafika kwenye watoto.

"Alizaa watoto nane," akasema.

Nikajua uzee umeingia. Nikamwambia kwa upole, "Ma, ni sita. Wale nane ni wa Byarugaba."

"Nimekuambia andika nane."

Ndipo akanieleza. Kabla hawajapata kibanja, yeye na mumewe walikaa kule mbugani, mume akichunga ng'ombe wa mtu. Huko alizaa binti, Kemilembe, akaishi miezi minane. Akazaa mvulana, Mugisha, siku tisa. Wakazikwa kule kule, hakuna alama. Walipohamia huku mume akasema wasitajwe, watu wasije wakasema wamekuja na mikosi. Wakazaliwa wale sita, wa kwanza akiwa Deus, na huyo Deus amekua akiitwa mtoto wa kwanza mpaka leo ana mvi.

"Miaka sitini nimewahesabu kimoyomoyo tu," akasema. "Mtu akiniuliza watoto wangapi, nasema sita, na ndani nasikia wawili wananiuliza, na sisi?"

Nilishindwa kuchapa. Akagonga mwavuli chini mara moja, nikaendelea.

Nikamuuliza kwa nini asiwaambie watoto wake mwenyewe, akiwa hai.

"Nimejaribu. Mdomo unakataa. Siku hiyo nikiwa nimelala pale, hautakuwa na nguvu ya kukataa."

Halafu akanisogelea.

"Sasa sikiliza. Siku hiyo watasema umekosea. Deus atasema, watu wote watasema, kwa sababu wewe ndiye Bwana Wajukuu na wanakujua. Utasimama useme si kosa. Utasimama?"

"Ego, Ma," nikaitikia, yaani ndiyo.

"Usiseme ego ya kuniondoa hapa."

Nikaapa.

Mnaona mtego nilioingia? Miaka tisa nimejijengea jina la mtu anayechanganya marehemu. Sasa kuna ukweli mmoja duniani umebebwa na karatasi yangu, na hakuna atakayeuamini kwa sababu umetoka kwangu. Mbaya zaidi, aliyetangulia kuzikwa ni mzee mwenye watoto nane, na kata nzima, watoto wa Ma Koku wakiwemo, inajua nilimwandika juu yake.

Mwezi mmoja baadaye mwalimu fulani alikuja kuchapa mtihani, nikamsimulia juu juu kwamba mafaili yangu yalifutika. Akashika panya, akafungua kitu kinaitwa Version History, na wakuu, pale pembeni wamejipanga wote. Byarugaba juu, na chini yake kabisa Ma Koku wangu wa zamani, mzima, na mgomba wake na watoto wake sita. Haikuwa imefuta kitu chochote. Ilikuwa imemweka stoo bila kuniambia.

Nilifurahi, nikamngoja Ma Koku nimpe habari njema.

"Ifute hiyo," akasema.

"Ma, si ndiyo uliyoililia?"

"Ifute. Wasije wakaikuta wakaisoma ile."

Nikatafuta pa kuifutia mpaka alasiri. Sikupata. Nikampigia Jovin, akasema kwa fahari kabisa kwamba uzuri wa hii mpya ni kwamba vitu havipotei.

Ma Koku akatikisa kichwa. "Ulipotakiwa kutunza ukafuta. Ukiambiwa ufute, unatunza."

Sina cha kuongeza hapo.

Alifariki msimu wa senene. Hakuugua muda mrefu, kama alivyotaka iandikwe. Alilala mchana baada ya kula, hakuamka.

Deus akaja dukani, kutoka Bukoba anakofanya kazi. Mtu mzima, suti nyeusi, macho mekundu. Akaniambia, "Mama alisema mambo yake yako kwako. Nichapie, mimi ndiye nitasoma. Ni kazi ya mtoto wa kwanza."

Akakaa kwenye benchi lile lile kungoja.

Nisiwafiche. Nilifungua lile faili la zamani pia. Lilikuwa pale, na kitufe cha Restore pembeni. Mguso mmoja tu, Deus anabaki mtoto wa kwanza, mazishi yanapita salama, hakuna wa kunicheka, na Ma Koku hawezi kuja siku ya gulio kuniuliza. Kidole kilikaa juu ya kile kitufe muda mrefu.

Kilichonizuia ni sauti ya kile kigurudumu. Nilikizungusha kidogo tu kusoma mwisho wa ukurasa, kikafanya krr, nikamwona kabisa Ma Koku amefumba macho anasikiliza.

Nikachapa ile ya watoto nane. Nikaipiga pini, nikaitia kwenye bahasha, nikampa. Sikumwambia kitu. Nilipaswa kumwambia? Labda. Lakini mama yake alitaka asikie pale, na mimi nilikuwa na woga pia, yote mawili ni kweli.

Mazishi yalikuwa nyumbani kwake, katikati ya migomba. Watu wengi, mvua ya rasharasha. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na wanaopika.

Deus akasoma vizuri. Ana sauti. Alisoma kuzaliwa, ubatizo, ndoa. Kisha akafika pale.

"Alijaliwa kuzaa watoto nane. Mtoto wake wa kwanza alikuwa Kemi..."

Akakatisha. Akageuza karatasi, akairudisha. Akatabasamu lile tabasamu la kuomba radhi.

"Samahani ndugu waombolezaji. Hapa stationery wametuchanganyia na marehemu wa Kimuli. Ni watoto sita, na wa kwanza ni mimi."

Nikasikia kicheko cha chini chini. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Bwana Wajukuu!" Vichwa vikageuka kunitafuta.

Wakuu, nilitazama tope kwenye viatu vyangu. Nilijiambia nikinyamaza sekunde tatu tu atapita mstari unaofuata na yataisha.

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Si kosa," nikasema. Haikusikika. Nikarudia kwa sauti, ikatoka kubwa kupita kiasi, "Si kosa! Ni nane. Aliniandikisha mwenyewe, neno kwa neno. Kemilembe na Mugisha. Walizikwa mbugani. Aliniambia mtasema nimekosea."

Mwinjilisti akanionyesha kwa mkono nikae. Deus alinitazama kwa hasira ambayo sijawahi kutazamwa nayo, na nilimwelewa. Nani anataka kupokonywa nafasi yake ya kuzaliwa na mtu wa photocopy, mbele ya jeneza la mama yake?

Sikukaa. Sijui kwa nini sikukaa.

Ndipo kutoka kwenye mikeka ya akina mama ikatoka sauti ya kizee. Ni mdogo wake Ma Koku, aliyeletwa kutoka mbali, hata hawezi kusimama.

"Mwacheni huyo. Ni nane. Kemilembe mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Nilikuwa naishi nao kule."

Akaanza kulia, na akina mama waliokuwa naye wakaanza kulia, si kile kilio cha mazishi, kingine.

Deus alisimama pale na karatasi inalowa. Sikujua atafanya nini. Aliifuta kwa kiganja, akarudi mwanzo wa mstari, akasoma tena.

"Alijaliwa kuzaa watoto nane. Mtoto wake wa kwanza alikuwa Kemilembe. Wa pili Mugisha. Wa tatu, Deus."

Hapo akaishusha karatasi. Mdogo wake Deus akaipokea akamalizia.

Sikungoja chakula. Nilitembea nyumbani kwa miguu.

Baada ya wiki moja Deus akaja dukani. Nikajiandaa kutukanwa. Akakaa kwenye benchi, akaangalia kompyuta, akauliza kama ile ya mama bado ipo. Nikamwambia ipo, na ya zamani pia ipo, ya watoto sita, achague.

"Ya mwisho," akasema. "Nitolee nakala, kila mtoto awe na yake."

Nikaipiga printa kofi. Nikachapa sita, nikamnyooshea.

Akazihesabu polepole. Akaninyooshea mkono tena.

"Bado mbili," akasema. Zile mbili akaomba nizitie lamination, akasema huko mbugani anakozipeleka kuna umande mwingi.

Nilichojifunza wakuu: ukiweka toleo jipya la programu yoyote, muulize fundi mpaka akuchoke, hasa lile neno analolitaja haraka haraka. Tengeneza template tupu, usimwandike marehemu juu ya marehemu. Na kama wewe ni mtu wa kukosea kosea, jua siku utakayosema kweli itabidi useme mara mbili.

Wenye stationery wenzangu, ninyi mnatumia njia gani? Na yupo anayejua namna ya kufuta zile nakala za zamani kwenye Version History? Ma Koku aliniagiza niifute ile ya watoto sita na bado sijaweza. Anayejua aniambie taratibu tu. Nimeanza kuwa mwangalifu na kitufe chochote kinachofuta.